Barua ya wazi kwa waajiri wa programu: uzoefu mnaoutaka mnao ninyi

Kwa:
Wakurugenzi na Wakuu wa Idara za Teknolojia,
Kampuni za programu, benki na mitandao ya simu,
Dar es Salaam.

Nakala: Tume ya TEHAMA, Wakurugenzi wa Halmashauri za Mkoa wa Lindi.

YAH: UZOEFU WA MIAKA MITATU KWA NAFASI YA MHITIMU MPYA

Ndugu Wakurugenzi,

Shikamooni mlionizidi umri. Mlio rika langu, poleni na kazi, maana ninyi mnayo.

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mhitimu wa sayansi ya kompyuta, nilimaliza shahada mwaka 2023, na ninaishi Kilwa Masoko. Tangu nirudi nyumbani nashika steshenari ya mjomba wangu. Natoa kopi, naskani vyeti, napiga picha za pasipoti, na zaidi ya yote nawajazia watu maombi ya kazi. Kwa hiyo matangazo yenu nayasoma kuliko mnavyodhani. Nayasoma kwa ajili yangu, halafu nayasoma upya kwa ajili ya mteja aliyekaa kwenye stuli akiwa ameshika bahasha ya kaki yenye vyeti vyake vyote. Ninayoyaandika hapa ni yangu na ya hao wa kwenye stuli.

Sikuja kuomba huruma. Nimekuja kulalamika, kisha kuomba mambo ambayo yako ndani ya uwezo wenu hata bila sheria mpya wala mfadhili.

1. Masharti yenu yanapingana yenyewe kwa yenyewe. Juu ya tangazo mnaandika kwamba nafasi ni ya mhitimu mpya, na mshahara mnaoutaja mkishaulizwa ni wa mhitimu mpya kweli. Chini yake mnataka miaka mitatu ya kazi katika kampuni inayotambulika, lugha nne za programu, hifadhidata, programu za simu, usalama wa mifumo na uwezo wa kusimamia seva. Huyo si mtu mmoja, hiyo ni idara nzima.

Binti mmoja wa Kivinje, aliyesomea mifumo ya habari, alikuja tumjazie fomu ya kampuni iliyotangaza nafasi ya kuanzia. Tulipofika kwenye kisanduku cha miaka ya uzoefu tukaandika sifuri, fomu ikatoa maandishi mekundu: weka namba halali. Tukaandika nusu, ikakataa. Ikakubali moja. Akaniuliza, "Kaka, sasa tudanganye?" Sikuwa na jibu la kumpa. Nilijua tu kwamba mtu aliyeiandika fomu ile ni mwenzetu wa fani, naye aliagizwa na mtu kuweka sharti lile. Akaifunga bahasha yake, akalipia dakika alizotumia, akaondoka bila kutuma. Kampuni hiyo haitajua kamwe kwamba ilimkosa, na nina hakika kwenye mikutano yake inalalamika kwamba vijana hawaombi.

Hapa pwani hakuna nahodha ambaye hakuanza kwa kufua maji ndani ya dau la mtu mwingine. Mwenye dau ndiye aliyempa kata.

2. Kazi tuliyoifanya hamtaki kuihesabu. Naomba nikae kidogo hapa, maana ndipo panaponiuma zaidi.

Kilwa watu wanaishi kwa bahari na kwa ufuta. Kuna mnunuzi wa pweza ambaye hesabu zake zote zilikuwa kwenye daftari: nani kaleta kilo ngapi, nani alikopeshwa mafuta ya boti, nani anadaiwa, nani anadai. Daftari likiloa maji ya chumvi ugomvi unaanza. Nilimwandikia programu ya simu. Mkusanyaji anapima pale pale ufukweni, anaandika jina na uzito, programu inakata deni na kuonyesha kinachobaki. Kanuni za uvuvi zinakataza pweza wa chini ya nusu kilo, basi programu haipokei uzito huo, na mkusanyaji hana haja ya kubishana na mtu, simu imekataa.

Ugumu haukuwa hapo. Ugumu ulikuwa mtandao. Ufukweni simu inashika na kuachia. Mkusanyaji akituma kumbukumbu, mtandao ukakatika kabla ya kujibiwa, simu inadhani haikufika na inatuma tena. Kwenye hesabu mvuvi mmoja anaonekana kaleta pweza yule yule mara mbili. Dawa yake ni kila kumbukumbu kupewa namba yake ya pekee ikiwa bado ndani ya simu, kabla haijatumwa popote, ili upande wa kupokea ukiiona namba hiyo mara ya pili uipuuze. Wakuu wa idara mnaosoma hapa mnajua kwamba tatizo hilo ndilo hilo mnalopambana nalo kwenye malipo ya simu, pale mteja anapokatwa hela mara mbili kwa sababu mtandao ulipepesuka. Mimi nililikuta kwenye pweza.

Nilipolieleza hilo kwenye usaili mmoja, aliyekuwa akinisaili alisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Huo ni mradi binafsi. Uzoefu wa kazi unao?" Watu wanalipana kwa programu ile kila bamvua. Ina watumiaji ambao hawakusoma zaidi ya darasa la saba na wanaielewa. Kama huo si uzoefu, basi mnachokitafuta ni nembo ya kampuni kwenye barua, na afadhali mseme hivyo.

3. Majaribio yenu yamegeuka kazi ya bure. Kuna kampuni, sitaitaja, ilinitumia kazi ya kufanyia nyumbani: nitengeneze mfumo kamili wa oda za duka, wenye malipo ya simu, ripoti na ukurasa wa msimamizi. Nilikesha, umeme ukikatika nachomeka pawabenki, bando likiisha nanunua jingine. Nikatuma. Kimya. Nikaandika kuulizia. Kimya. Sisemi waliuchukua mfumo, sina ushahidi huo. Nasema tu kwamba mtu anayekupa siku zake za usingizi anastahili hata mstari mmoja wa kumwambia hapana.

4. Dar es Salaam mmeifanya sharti la kazi isiyohitaji Dar es Salaam. Barabara yetu ni moja. Kimbunga Hidaya kilipopita mwanzoni mwa Mei 2024 na mvua zikaendelea, barabara kuu ya Dar es Salaam, Lindi na Mtwara ilikatika Somanga, humu humu wilayani Kilwa, na abiria wakalala njiani. Wiki hiyo mimi nilikuwa nimeitwa usaili mjini. Niliomba tuongee kwa vidio. Nikajibiwa kwamba ratiba haibadiliki na wasailiwa wote lazima wafike ofisini. Kazi yenyewe ilikuwa ya kutengeneza mfumo wa mikutano ya mtandaoni. Sitanii.

Tuseme mtu kafika, na kapata. Mnampa utarajali wa miezi mitatu bila posho, mnauita kujitolea. Mwenye nyumba wa Mbagala anataka kodi ya miezi sita mkononi kabla hajakabidhi ufunguo wa chumba kimoja. Nauli ya daladala, chakula, bando, na laptopu, kwa sababu mnasema kila mmoja aje na yake. Anayeweza kuyabeba hayo ni kijana ambaye kwao ni Dar, au ambaye baba yake anamtumia. Mkimaliza mnatazama idara nzima, mnaona wote wametoka mitaa ile ile na shule zile zile, mnasema vipaji viko mjini.

Na kwa kuwa tunazungumzia mjini: umeme unaowasha seva zenu una mkono wa Kilwa. Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha wilaya hii, iligunduliwa mwaka 1974 na tangu 2004 inasafirishwa kwa bomba hadi mitambo ya Ubungo. Bomba halijaomba kusailiwa ofisini. Kama gesi inaweza kutoka hapa ikafanya kazi huko bila kuhamia, sembuse mistari ya programu ambayo uzito wake ni bando la shilingi elfu moja?

Serikali, ambayo kila mtu huilaumu kwa uzito wake, mwanzoni mwa 2025 iliendesha usaili wa walimu mikoani, watu wakasailiwa karibu na kwao. Ninyi wenye teknolojia ndio mnaotaka tupande basi.

5. Koneksheni. Sitalirefusha hili, wote tunalijua. Nafasi nyingi hazitangazwi. Zinapita kwenye makundi ya WhatsApp ya waliosoma pamoja. Nyingine zinatangazwa mtu akiwa ameshakaa kitini. Mkiwa na mtu wenu, msitutangazie. Wakili anatoza kuthibitisha nakala za vyeti, na mimi natoza kopi. Mnatuingizia hela mimi na wakili kutoka kwa watu wasio na hela.

6. Nayajua majibu yenu, kwa hiyo niyatangulie.

La kwanza: akili unde inaandika sasa zile kazi ndogo walizokuwa wakipewa chipukizi. Kweli inaandika, hata mimi naitumia. Lakini inaandika kwa kujiamini hata inapokosea, na anayeweza kuona kosa ni mtu aliyewahi kukaa na mfumo ukamgomea usiku. Wakongwe wenu hawakuzaliwa wakongwe. Mkiacha kuchukua wanaoanza mwaka huu, baada ya miaka kumi mtawatoa wapi wa kukagua hicho kinachoandikwa na mashine?

La pili: vijana wajiajiri, wafanye kazi za nje mtandaoni. Wapo wanaofanya, nami nimejaribu. PayPal, ambayo wateja wengi wa nje huitumia, kwa miaka mingi imeturuhusu Watanzania kulipa tu, si kupokea. Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa nchini kwa siku kadhaa, mteja aliyeko Ulaya hakusubiri maelezo. Na kwenye masoko hayo ya mtandaoni nako huulizwa kile kile: nionyeshe ulikofanya kazi kabla.

La tatu, mnalolisema mkiwa peke yenu: wahitimu wa siku hizi hawajui kitu, tukiwafundisha wanaondoka. La kutojua nakubali nusu. Kuna wenzangu walipita chuo kwa kunakili, na kuna kozi ambazo tulifundishwa programu kwenye karatasi. La kuondoka, jamani, anaondoka aliyewekwa kwa mshahara wa utarajali mwaka wa pili mfululizo.

7. Kinachopotea ni kikubwa kuliko mimi. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka tisa baadaye, 1974, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, baada ya mfumo wa hesabu uliotegemea wageni kushindwa na kuacha hasara. Hofu ile ilitugharimu miaka mingi. Tulipokuja kuwaamini watu wetu mambo yakageuka: mfumo wa malipo ya Serikali, ule unaotoa namba ya kumbukumbu ambayo leo hata mama ntilie anaijua, ulitengenezwa na Watanzania. Mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST, ulioanza 2023, nao umejengwa na Watanzania kuchukua nafasi ya ule tulioununua nje. Walioijenga mifumo hiyo walikuwa wahitimu wapya siku moja, na mtu aliwapa meza.

Sasa tazameni pwani yetu. Kilwa Masoko kuna mradi wa bandari ya uvuvi ambayo Rais Samia aliiwekea jiwe la msingi Septemba 2023. Itahitaji mifumo ya mnada, ya vyumba vya baridi, ya kumbukumbu za meli na mizigo. Likong'o, Lindi mjini, ndiko kulikotengwa kwa ajili ya mradi wa gesi asilia iliyosindikwa kuwa kimiminika. Ufuta na korosho za mkoa huu zinapita kwenye stakabadhi ghalani na minada ya soko la bidhaa inayoendeshwa kwa kompyuta, lakini kwenye ghala la chama cha msingi karani bado anaandika uzito kwenye daftari, halafu mtu mwingine anaunakili kwenye mfumo, na hapo katikati ndipo kilo za mkulima zinapobadilika. Hizo ni kazi. Ziko hapa. Kama leo hakuna kijana wa Kilwa, Mtama, Nachingwea wala Liwale anayepewa kazi yake ya kwanza, basi mifumo hiyo itakuja na watu wa kulala gesti wiki mbili, waifunge, warudi mjini. Na siku ikigoma katikati ya msimu, mkulima atasubiri basi la kutoka Mbagala.

Na msisahau nani amelipia elimu yetu. Wengi wetu tulisoma kwa Bodi ya Mikopo. Mwajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara kulipa deni hilo ili wadogo zetu nao wasome. Mimi ningependa kukatwa. Nasema kweli, natamani kuuona huo mkato kwenye hati ya mshahara.

Tunachoomba ni hiki, Ndugu Wakurugenzi:

(a) Nafasi ikiwa ya mhitimu mpya, sharti la miaka ya kazi liondoke kabisa. Andikeni mtamfundisha nini, nani atamfundisha, na mshahara ni kiasi gani.

(b) Katika kila waajiriwa wapya kumi wa idara zenu za programu, wawili wawe waliohitimu ndani ya miaka miwili. Wawili tu.

(c) Utarajali ulipwe posho ya kutosha chumba, chakula na nauli. Uwe na msimamizi anayejulikana kwa jina. Na uishie na barua inayotaja kazi aliyoifanya mtu, si barua ya "alikuwa mtiifu na mchapakazi".

(d) Jaribio la usaili lisizidi saa tatu. Likizidi, lipeni. Na jibu, hata la hapana, litoke ndani ya wiki mbili.

(e) Usaili wa awali ufanyike kwa vidio. Anayefika hatua ya mwisho akiwa anatoka mkoani, mrudishieni nauli.

(f) Kazi ya mtu ikaguliwe kama kazi. Fungueni programu aliyoiandika, muulizeni kwa nini alifanya hivi na si vile. Nusu saa itawaambia mengi kuliko cheti na barua tatu za wadhamini.

Kwa Tume ya TEHAMA, iliyopewa nakala: mnasajili wataalamu, na kila mwaka mnawakutanisha kwenye kongamano. Tunaomba mwanzishe daraja la watarajali kwenye usajili huo, lenye kitabu cha kumbukumbu za kazi, ili programu iliyoandikwa kwa ajili ya chama cha msingi cha Ruangwa au mnunuzi wa pweza wa Kilwa ikaguliwe na kutiwa muhuri wenu, nao waajiri waache kuiita mradi binafsi. Na kwenye kongamano lijalo, kabla ya hotuba za mapinduzi ya kidijitali, kila mwajiri aliyekaa mstari wa mbele asimame ataje mwaka huo ameajiri wahitimu wapya wangapi. Haitachukua muda mrefu, naogopa.

Kwa Wakurugenzi wa Halmashauri zetu: najua hamwezi kujitengenezea mfumo bila idhini ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, na ni sawa iwe hivyo. Lakini Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inatenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo. Vikundi vyetu mmezoea kuvipa tenda za usafi na chakula. Kuna kuhuisha tovuti zenu, ambazo nyingine habari yake ya juu ni ya bajeti iliyopita. Kuna matengenezo ya kompyuta na mashine za kukusanyia mapato. Kuna kuwafundisha watendaji wa kata kutumia mifumo iliyopo. Tupeni hizo. Na kila halmashauri itenge chumba kimoja chenye meza, intaneti ya uhakika na umeme wa akiba, ambamo mtu aliyeitwa usaili wa vidio anaweza kukaa bila kuomba hotspoti kwa jirani. Kwa sasa chumba hicho, kwa Kilwa Masoko, ni steshenari yetu. Nazima mashine ya kopi ili kelele zisisikike upande wa pili, na wateja wanasubiri nje.

Mwajiri atakayekuwa na tangazo lenye masharti ya (a) hadi (f) alilete. Nitalichapa bila malipo na kulibandika mlangoni, kwenye vibao vya matangazo vya Kivinje na Nangurukuru, na kwenye mbao za mabasi yaendayo Lindi. Waombaji nitawajazia fomu bure, na vyeti vyao nitaviskani mwenyewe. Ombi la kwanza mtakalopokea litakuwa la yule binti wa Kivinje. Namba yake ninayo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mhitimu wa Sayansi ya Kompyuta,
Kilwa Masoko.